Bilinganya Mia na Ishirini

Nyumba ile ilikuwa na kazi tatu zinazoendelea kwa wakati mmoja, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mume. Ukuta wa sebule ulikuwa umepigwa lipu hadi usawa wa kiuno, ukaachwa hapo. Bustani ya nyuma ilikuwa na matuta manne, mawili yameshapata samadi na mawili yanasubiri. Kazi ya tatu ilikuwa ya mke, cherehani iliyosukumwa kutoka dirishani kwenye mwanga hadi chumbani, ikabanwa kati ya kitanda na ndoo mbili za rangi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta chakula, lakini katika nyumba ile ndiyo iliyohamishwa kila mara nyingine zilipotaka nafasi.

Mume alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni. Tangu kiwanda kifungwe hakukaa kitako hata siku moja, na hilo lazima lisemwe. Aliamka mapema, akashika mwiko. Ikifika saa tatu akaona jembe linamwita, na kabla ya adhuhuri alikuwa juu ya paa na nyundo, akigonga mfereji wa bati ambao nao angeuacha nusu. Majirani walimpa jina la Nitamalizia, akalipokea kwa kicheko, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Wanawake wa mtaa walimwambia mkewe, "Fundi, wewe umepata. Mwanaume mchapakazi hivi, hanywi, hatukani." Ni kweli hanywi wala hatukani. Jaribu basi kumlalamikia mtu wa namna hiyo, uone utakavyoonekana huna shukrani.

Mke waliyemwita Fundi alikuwa ameshona kwa miaka ishirini na mbili. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, dereva wa kituo cha watoto wenye ulemavu alimshushia mlangoni robota la kitambaa cha bluu. Kitambaa kilichelewa wiki tatu, lakini Fundi hakuwa na wasiwasi. Kazi ngumu alikwisha kuifanya.

Jumatatu inayofuata watoto kumi na wanane wa kituo walikuwa waanze masomo katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Ilikuwa mara ya kwanza shule ile kuwapokea. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande, akaweka sharti kwamba kila mtoto aje na sare kamili kama wenzake, na asiye nayo angerudishwa getini hadi mwaka ujao. Mwaka uliopita kituo kiliwahi kuletewa nguo za msaada za saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Miili ile haikuwa midogo, wala ya kati, wala mikubwa. Mtoto mwenye mgongo uliopinda alivishwa gauni, bega moja likamezwa na jingine likabaki nje, wageni wakampiga picha hivyo hivyo.

Fundi aliiona ile picha, ikamkera. Mafundi wengine wawili walikuwa wameshakataa kazi ile, wakisema inapoteza muda. Yeye alikwenda kituoni Jumamosi nane mfululizo, akampima kila mtoto, akamjaribisha, akarekebisha, akampima tena. Kisha akamkatia kila mmoja karatasi zake za kukatia nguo: ya mgongo, ya kifua, ya mikono, ya kola. Alizikata kwenye mifuko mitupu ya saruji aliyopewa na mumewe, maana karatasi ile ni ngumu na haichaniki ovyo, akaandika juu yake kwa penseli nene. Ukiwa na karatasi zile, unaziweka juu ya kitambaa, unapitisha chaki na mkasi, na mtoto huna haja ya kumgusa tena.

Wiki mbili zilizopita zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari sebuleni. Nitamalizia akataka kupiga lipu, akamwomba aondoe vitu vyake ukutani. Fundi akaziondoa mwenyewe, akaziweka kwenye gunia nyuma ya mlango, akamwambia, "Gunia hili usiliguse." Naye akajibu, "Sawa, mama," huku akikoroga saruji.

Sasa alikunjua kitambaa kitandani, akakinyoosha kwa viganja, akaenda nyuma ya mlango. Gunia halikuwapo.

Alimkuta mumewe bustanini, amechuchumaa na kopo la maji.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zilizokuwa kwenye gunia nyuma ya mlango."

"Zile za mifuko ya saruji? Hizo ni zangu, mbona. Nilikuwa nazitunza siku nyingi." Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefaulu mtihani. "Njoo uone. Nilikuwa nangoja mbegu ziote ndiyo nikuite."

Chini ya kivuli cha turubai palikuwa na vikopo vya karatasi mia na ishirini, vimepangwa safu kumi, vimejazwa udongo mweusi, na katika kila kimoja mche wa bilinganya wenye majani mawili. Vilikuwa vimepangwa vizuri. Katika kazi zake zote za mwaka ule, hiyo ndiyo pekee aliyoifikisha mwisho.

"Bwana shamba alinifundisha," alisema Nitamalizia. "Plastiki hapana. Karatasi unaizika pamoja na mche wake, inaoza yenyewe. Mzizi haujui hata kama umehama. Mia na ishirini, mama. Tukivuna hapa, hiyo cherehani utaipumzisha."

Fundi alikuwa anasoma. Kwenye kikopo kilichokuwa karibu na mguu wake, kupitia matope, aliona mwandiko wake mwenyewe: *mgongo, kushoto, shusha vidole viwili, asibanwe kwapa*.

Akakaa chini pale pale kwenye udongo.

"Hukuona maandishi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliyaona. Nikadhani ni ya kiwandani."

"Kiwanda cha saruji kinaandika asibanwe kwapa?"

Nitamalizia akainama, akasoma, akakuna kichwa.

"Na hukuona kwamba zimekatwa? Mifuko ya saruji huja imekatwa mikono na kola?"

"Hapo kweli nilishangaa kidogo," alisema. "Nikasema, mke wangu kanirahisishia kazi."

Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa nafuu, angemtukana yakaisha. Lakini alisema vile kwa moyo mweupe kabisa. Fundi akaona kwamba katika miezi miwili ile, kila jioni alipozitandaza karatasi mezani na kumweleza huyu mtoto ni yupi na yule ana nini, mumewe alikuwa anamsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Akakichukua kile kikopo, akamwaga udongo, akajaribu kukikunjua. Karatasi ilikuwa na karibu wiki mbili inamwagiliwa asubuhi na jioni. Ilikatika vidoleni mwake kama mkate uliolowa chai. Akachukua cha pili. Cha tatu kilifunguka nusu, akaona shingo ya mtu bila mabega yake.

"Taratibu," alisema Nitamalizia. "Taratibu, utaua miche."

Mkono wa Fundi ukasimama. "Umesemaje?"

"Nasema miche bado michanga."

Basi akaanza kung'oa. Hakupiga kelele, hakurusha kitu. Alikwenda safu kwa safu, akikamua udongo, akitazama kama kuna kitu kimebaki, akitupa mche pembeni. Nitamalizia alimfuata nyuma akiiokota na kuilaza kwenye ungo, huku akisema mama watoto, mama watoto, jamani. Alipofika kikopo cha ishirini na sita, wifi yake alitokea uani kwake na nguo mbichi begani. Nyumba zao zilipakana, hapakuwa hata na uzio.

"Wifi, kuna nini?"

"Muulize kaka yako."

"Nimetumia karatasi zake za kushonea," alisema Nitamalizia. "Nilikosea. Nimeshasema nilikosea."

Alikuwa hajasema, lakini Fundi hakuwa na nguvu ya kubishania hilo.

"Makaratasi?" Wifi akatazama miche iliyolala kwenye ungo. "Wifi, ni makaratasi tu. Mwanaume hana kazi, anahangaika na udongo ili mle, wewe unamng'olea chakula kwa ajili ya makaratasi? Si utapima tena? Si una futi?"

Fundi aliinuka na vipande vinne mkononi, vyote vya watoto tofauti. Akaenda kuvianika dirishani. Nyuma yake alimsikia wifi akibonyeza simu.

*

Aliyepigiwa simu alikuwa Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, na ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye kila ugomvi wa ukoo ule. Saa tisa alasiri alishafika, amekaa sebuleni mbele ya ule ukuta wa nusu. Wifi alikaa kulia kwake. Nitamalizia alikaa kwenye ndoo ya rangi kwa kuwa viti vilikuwa na vumbi. Fundi, ambaye mikasi yake ilikuwa inamngoja na kitambaa kimetandazwa kitandani kama maiti, alitakiwa akae mkekani asikilize.

"Nimeelezwa," alianza Baba Mdogo. "Mume amekosea, lakini kosa lake ni la bahati mbaya. Wewe mwanangu umeng'oa miche kwa makusudi. Tena mbele ya majirani. Haya mambo mawili hayalingani."

"Baba Mdogo, kuna watoto kumi na wanane."

"Nitafika huko. Karatasi ni karatasi. Mche ni kitu kilicho hai, kina gharama zake, kina jasho la mtu. Mwombe mwenzako radhi, kisha na yeye akuombe radhi, muendelee na maisha. Kazi ya kushona haina haraka kama kilimo. Kilimo kina msimu."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Nitamalizia alitazama sakafu, na ukimwangalia vizuri uliona amefarijika, kama mtu aliyeondolewa mzigo begani na kuambiwa haukuwa wake.

Fundi alikuwa na maneno mengi mno, ya miaka ishirini na mbili. Kwamba cherehani yake ndiyo iliyonunua ile saruji. Kwamba ndiyo iliyonunua mbegu, na mkeka huu aliokalishwa juu yake. Hakuyasema hata moja. Alikuwa anamtazama Baba Mdogo miguuni.

"Baba Mdogo, suruali hiyo ulishonewa na nani?"

Mzee akashtuka kidogo. "Si wewe?"

"Na mguu wa kulia nimeukata sawa na wa kushoto?"

Baba Mdogo alivunjika mguu ujanani, ukaunga vibaya, ukawa mfupi kuliko mwenzake. Katika ukoo wote jambo hilo halitajwi. Suruali za dukani ziliburuta upande mmoja, watoto wakimfuata njiani wakimwigiza mwendo. Tangu Fundi aolewe katika nyumba ile, mzee alikuwa akitembea na upindo ulionyooka pande zote mbili, na watu wengi wa mtaani hawakujua kama ana kasoro yoyote.

"Ile hesabu siikumbuki kichwani," alisema Fundi. "Ni kiuno kinachopanda, si mguu peke yake. Niliihangaikia mara tano mpaka nikaipata, nikaikata kwenye karatasi. Na yako ilikuwa kwenye gunia hilo hilo. Nenda uani, safu ya tano, utaikuta. Ina bilinganya."

Baba Mdogo alivuta mguu wake wa kulia taratibu, akauficha chini ya kiti. Wifi akaanza kusema kitu, mzee akainua kiganja.

"Hizo karatasi," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "huwezi kuzikata tena?"

"Mpaka nimpime mtu upya. Kila mtu."

"Basi kesho wapime. Na huyu aende akusaidie." Akamnyooshea Nitamalizia kidole. Kisha akainuka, akaaga haraka, akatoka akitembea kwa uangalifu mkubwa. Mambo ya radhi hayakuguswa tena. Fundi hakufurahi. Alikereka zaidi, kwa sababu watoto kumi na wanane hawakumgusa mzee hata kidogo mpaka alipojua kwamba na yeye yumo.

*

Jumatano asubuhi walikwenda kituoni kwa miguu, Fundi mbele na futi shingoni, mumewe nyuma na rundo la mifuko mingine mitupu ya saruji aliyoomba kwa watu. Njiani alisema mara mbili kwamba leo watamaliza wote.

Mlezi wa kituo, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa ameshaelezwa na Fundi kwa simu tangu jana, akawapanga watoto kwenye benchi ndefu varandani. Wengine walikuwa kwenye viti vya magurudumu. Alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

"Nimempigia mwalimu mkuu asubuhi," alisema. "Nimemweleza ilivyotokea. Nikamwomba hata wiki moja. Anasema sheria ni ile ile. Anasema, tena kwa maneno yake, kwamba alijua mapema tutaanza na visingizio."

Fundi akavua futi shingoni. "Tuanze na Maswali."

Maswali alikuwa msichana wa miaka tisa, na jina hilo alilipata kwa haki. Mgongo wake ulipinda mara mbili, kulia kisha kushoto, hivyo akisimama mwenyewe mwili ulijikunja ukajificha ndani yake. Ili kumpima sawasawa ilibidi mtu amshike makwapani, amwinue mpaka vidole vya miguu viguse sakafu kidogo tu, akae naye hivyo. Ilimuuma. Mara ya kwanza Mlezi ndiye aliyemshika, na wote watatu walitoka jasho. Safari hii Fundi alimwambia mumewe, "Mshike wewe."

Nitamalizia alimwinua. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, na mbavu zake za upande mmoja zilikuwa zimekusanyika pamoja chini ya kiganja. Fundi akapitisha futi begani.

"Mama Fundi," alisema Maswali, meno yamekaza, "si ulishanipima?"

"Nilikupima."

"Mara sita. Nilihesabu. Ukasema ya sita ndiyo mwisho."

"Nilisema."

"Sasa mbona tena?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kuzitoa akajibu, lakini hakuzitoa. Aliandika kipimo, akashuka kiunoni, akangoja. Nitamalizia alitazama ukuta, akamtazama Mlezi, akamtazama mkewe. Hakuna aliyemsaidia.

"Karatasi ziliharibika," alisema.

"Ziliharibikaje?"

"Nilizitumia. Nilidhani ni zangu."

"Ulizitumia kufanyia nini?"

"Kupandia miche."

"Miche ya nini?"

"Ya bilinganya."

Maswali akafikiri, akining'inia pale mikononi mwake, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Bilinganya mimi sili," alisema.

Mvulana mmoja kwenye benchi akacheka. Nitamalizia naye akajaribu kucheka, kile kicheko chake cha siku zote kilichomwokoa mahali pengi, lakini mikono yake ilishuka kidogo kwa uchovu, mtoto akatoa mlio mdogo, na kicheko kikafia njiani. Iliwachukua dakika arobaini. Alipomketisha, msichana alikuwa amejiuma mdomo wa chini mpaka alama za meno zikabaki.

Mlezi alimvuta Fundi pembeni, ingawa varanda ile haikuwa na pembeni ya kutosha. "Niambie ukweli. Kwa mwendo huu, mpaka Jumapili utafikisha wangapi?"

Fundi alikuwa ameshapiga hesabu tangu jana, akaipiga tena usiku kitandani kati ya zile ndoo. Kupima, kukata upya, kujaribisha, kushona. "Kumi na mmoja," alisema. "Nisipolala."

"Na saba?"

"Saba hapana."

Mlezi akatoa karatasi yenye orodha ya majina. "Mimi siwezi kuchagua. Nimewalea hawa. Chagua wewe, Fundi. Weka alama wanaokwenda."

Fundi aliipokea orodha. Akaitazama tangu juu hadi chini, majina ambayo alikuwa akiyajua kwa mabega yao, kwa viuno vyao, kwa nani asibanwe kwapa. Kisha akaichukua chaki kutoka mfuko wa gauni lake, akavuka varanda, akampa mumewe vyote viwili.

"Chagua wewe," alisema. "Kumi na mmoja."

"Mimi?" Nitamalizia alirudi nyuma hatua moja. "Mimi siwajui hawa watoto."

"Najua."

"Mama watoto, usinifanyie hivi. Siwajui kabisa."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu cha mtoto wa pili, anafungua futi. Hakumwangalia. Nitamalizia akabaki katikati ya varanda, orodha mkono mmoja na chaki mkono wa pili, akainua macho kwenye benchi.

Watoto walikuwa wamesikia kila neno. Hakuna aliyelia, hakuna aliyesema nichague mimi. Walianza tu kujinyoosha, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, wakaweka mikono magotini na kumtazama.